Unayeanza kazi ya virusi vya matumbo, anzia uani

Ukijiunga na kazi hii hapa Dar es Salaam utakuta wenzako wanazungumzia sana mashine ya PCR, ile inayotafuta chembe za urithi za virusi kwenye sampuli. Mimi nakuomba uanzie uani. Nenda Kimara, Mbezi au Kibamba: banda la nguruwe wawili watatu limeegemea ukuta wa nyumba, kuku wanazurura, mbwa amelala chini ya kamba ya nguo, na mtoto anatambaa papo hapo. Ukipata virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, kwenye choo cha mtoto na kwenye kinyesi cha nguruwe, utashawishika kuandika kwamba mtoto kaambukizwa bandani. Usiandike bado.

PCR ya kawaida inakuambia virusi vipo. Vimetoka wapi, haisemi. Jenomu ya virusi vya rota, yaani chembe zake zote za urithi, ina vipande 11, na aina mbili zikikutana ndani ya seli moja zinaweza kubadilishana vipande hivyo. Kwa hiyo virusi vinaweza kuwa na ganda linalofanana na la virusi vya binadamu, huku vipande vingine vikiwa na asili ya ng'ombe au nguruwe. Ukisoma vipande viwili ukaacha tisa, huna ushahidi wa kutosha kusimama mbele ya watu. Hata ukivisoma vyote, bado kuna swali la lini vilihamia kwa watu. Aina ya virusi vya rota iitwayo G8 ilijulikana zaidi kwa ng'ombe, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 ilionekana sana kwa watoto wa Malawi. Virusi vikishazoea watu, mtoto huambukizwa na mtoto mwenzake, na ng'ombe hana habari.

Fikiria pia njia ya kurudi, maana wengi huisahau. Pampasi zinatupwa shimoni au kwenye mtaro, mbwa wanazifukua. Norovirusi za binadamu, virusi vingine vya kuhara na kutapika, zimewahi kupatikana kwenye kinyesi cha mbwa, lakini hiyo peke yake haithibitishi kwamba mbwa aliugua. Huenda alimeza zikapita tu. Mchukue sampuli tena baada ya siku chache, na kama mradi unaruhusu, pima kingamwili kwenye damu yake.

Kwa mtoto, kabla hujagusa kopo la sampuli, sema: "Mama, naomba nione kadi ya kliniki." Chanjo ya rota, ambayo nchi yetu iliianza mwaka 2013, ni matone yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na mtoto anaweza kuvitoa kwenye choo kwa siku kadhaa baada ya kuyapata. Bila tarehe ya chanjo, unaweza kuviita virusi vya chanjo maambukizi.

Homa ya ini E nayo ina mtego wake. Aina ya 1 na ya 2 ni za binadamu na husambaa hasa kwa maji machafu. Aina ya 3 na ya 4 ndizo zinazotoka kwa nguruwe na nyama isiyoiva. Jua aina kwanza, ndipo umtaje nguruwe.

Sasa watu. Mfugaji wa nguruwe akiona koti jeupe anadhani umekuja kufunga banda lake, na akikumbuka homa ya nguruwe ilivyowamaliza wa jirani, ana haki ya kuogopa. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ongozana na bwana mifugo, koti lako libaki kwenye begi. Piga hodi, toa shikamoo, kaa. Habari za nguruwe zizungumze kwa sauti ya chini, kwani si kila jirani anafurahia kitimoto. Na usiridhike na majibu ya baba mwenye nyumba. Muulize anayefagia banda: anavaa nini, maji ya kuoshea yanaelekea wapi, na masika choo kikijaa inakuwaje. Mara nyingi huyo ni kijana wa kazi au mtoto wa shule, na majibu yake hayafanani kabisa na ya baba.

Sampuli igawe kwenye vichupa vidogo mapema, ili usiigandishe na kuiyeyusha kila mara. Kinyesi kina vitu vinavyozuia PCR, kwa hiyo jibu hasi lirudie kwa sampuli iliyozimuliwa mara kumi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vya spiriti haviiwezi vizuri norovirusi.

Ukirudisha majibu, mama atakuuliza kama auze nguruwe. Usimwambie auze kwa sababu ya PCR yako. Mwambie mabuti ya bandani yabaki bandani, mtoto asitambae kwenye mkondo wa maji ya banda, pampasi zifukiwe pale mbwa wasipofika, na mfagiaji anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.