Maiki haijafa: kwa mnaoanza kazi hii ya Linux

Wadogo zangu, leo tena nimemkuta mmoja wenu anafuta mfumo mzima na kuuweka upya kisa maiki ya ndani ya laptopu haisikiki. Amemaliza, bado kimya. Muda wote huo taa ya kibonye cha kuzimia maiki ilikuwa inawaka mbele ya macho yake.

1. Kibonye kwanza. Kisha `arecord -l`, amri inayoorodhesha kadi za sauti zinazoweza kurekodi. Kadi ikionekana na bado kimya, nenda `alsamixer`, kidhibiti cha sauti cha kwenye terminali, F6 uchague kadi, F4, ubonyeze Space mpaka neno CAPTURE litokee. Kwenye `pavucontrol`, dirisha la mipangilio ya sauti, hakikisha profaili ni ya Duplex (sauti kutoka na kuingia), si Output peke yake.

2. Maiki isipoonekana kabisa, weka bisibisi chini. Najua ninachosema. Laptopu ya mwenzangu kazini iligoma kutoa sauti, nikaokota mstari mahali, `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1`, nikaubandika ndani ya `/etc/modprobe.d`, folda ya mipangilio ya draiva. Spika zikalia, nikasifiwa, nikasahau. Baadaye akaja: maiki haipo. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni waya umekatika, nikaanza kubandua fremu ya skrini. Kioo kikapata ufa. Mwenye mali amesimama pale pale.

Waya ulikuwa mzima. Kwenye laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni maiki ni ya kidijitali, DMIC, na imeungwa kwenye DSP (kichakata sauti) ya chipseti, haipiti kwenye kodeki, chipu inayohudumia spika na hedifoni. Ule mstari wangu uliilazimisha kerneli, kiini cha Linux, itumie draiva ya zamani, snd_hda_intel, ambayo inaongea na kodeki tu: spika na tundu la hedifoni safi, maiki haiioni. Nilipoufuta, nikaweka fimwea ya SOF (programu inayoendesha hiyo DSP) na kuwasha upya, maiki ikasikika vizuri mno, na ufa ukabaki. Kifurushi chenyewe kinaitwa firmware-sof-signed kwenye Debian, sof-firmware kwenye Arch, alsa-sof-firmware kwenye Fedora. Kwa hiyo anzeni na `dmesg | grep -i sof`, muone kerneli inasema nini kuhusu SOF, na mkibandika mstari wowote, andikeni juu yake kwa alama ya # mmeuweka kwa nini. Mtanishukuru, au msinishukuru, ila andikeni.

3. Kuna maiki zenye njia mbili (chaneli) ambazo moja wimbi lake limegeuzwa juu chini. Ukirekodi stereo unasikika; programu ya mikutano ikizichanganya kuwa mono, zinafutana na wewe unapotea. Kwenye `pavucontrol` fungua kufuli la chaneli, shusha moja hadi sifuri. Hii naipenda, maana aliyeikuta mara ya kwanza huapa kuna uchawi.

4. Mkishabadilisha mipangilio, washeni upya huduma za sauti: `systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`. Bila sudo. Nawe uliyekwisha kuandika sudo, futa.