Jibu: Kijana wa miaka 14 amejifungia chumbani, nianzie wapi?

Pole sana, mama. Piga 116 leo hii. Ni laini ya msaada kwa watoto hapa Kenya, bure, usiku na mchana, na hata yeye mwenyewe anaweza kupiga. Hospitali ya Mathari, ile ya afya ya akili pale Barabara ya Thika, Nairobi, inahudumia watoto na vijana pia. Usiogope jina lake.

Tafadhali usimwambie "jikaze, wewe mwanaume". Kijana wangu alinyamaza miezi miwili. Jioni moja tukichambua sukuma wiki akaanza kuongea, macho kwenye sufuria. Sikumkatiza, na maji yalichemka hadi yakakauka.

Shuleni, muone mwalimu wa ushauri nasaha faraghani. Akitaja kufa, usimwache peke yake hata dakika moja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.