Kabla hujagusa msimbo, itulize kamera

Wanaoanza kuchora kwa picha za kamera ndani ya Processing au openFrameworks (zana za kuandikia programu za sanaa) hulalamika mambo yale yale: picha inachelewa, rangi zinabadilika zenyewe, mistari myeusi inapanda na kushuka. Watu hukesha wakiandika msimbo upya, kumbe kamera ndiyo inayojiamulia mambo.

Mistari inatokana na taa. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ya tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa hezi 60 za Marekani haiwezi kwenda nayo sawa. Kwenye Linux natumia v4l2-ctl, amri ya kupangia kamera: naandika v4l2-ctl -c power_line_frequency=1 (yaani hezi 50), kisha naizuia kamera isijirekebishie mwanga: auto_exposure=1 (kerneli, yaani kiini cha Linux, za zamani huita exposure_auto), halafu exposure_time_absolute=200. Kipimo hapo ni sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo 200 ni milisekunde 20, sawa na mizunguko miwili kamili ya taa.

Usilipuuze hili la mwanga. Tuseme programu yako inatambua mwendo kwa kulinganisha fremu mbili zinazofuatana. Akipita mtu mwenye shati jeupe, kamera inajipunguzia mwanga, chumba kizima kinafifia, na programu inaapa kwamba hata ukuta umetembea.

Kuhusu kuchelewa, endesha v4l2-ctl --list-formats-ext uone kamera inatoa nini. Picha ya YUYV (isiyobanwa) ya pikseli 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 55 kila sekunde. USB 2 haibebi mzigo huo, ndiyo maana kamera nyingi hushuka hadi fremu 10. Chagua MJPG, ambayo hubana picha, au baki na 640 kwa 480. Mimi hubaki na 640; kwa kutambua mwendo, pikseli za ziada zinachosha prosesa bure.

Sasa vifaa vya zamani. Kinect ya Xbox 360, kamera ya mashine ya michezo iliyotoka 2010, bado naipenda kuliko kamera nyingi mpya kwa sababu inapima umbali. Ukiikuta ya mtumba, uliza adapta yake ya umeme kabla hujatoa hela: USB peke yake haiitoshi, na plagi yake si ya kawaida. Ukiweza kuchagua, chukua yenye namba 1414 chini ya kitako. 1473 husumbua kidogo kwenye injini ya kuinua kichwa. Kwa Windows inataka SDK (zana za kuandikia programu zake) toleo la 1.8. SDK 2.0 ni ya Kinect ya Xbox One, nayo inadai USB 3, basi usivutwe na namba kubwa.

Kwenye Linux natumia libfreenect, maktaba ya kuiendeshea Kinect. Ikigoma kufungua kifaa, mara nyingi kerneli imeshakishika. Amri ya sudo modprobe -r gspca_kinect huifanya ikiachie.

SDK ikishafanya kazi, zima masasisho kwenye kompyuta hiyo, na faili za usakinishaji zihifadhi kwenye flashi. Kurasa za kupakulia vitu vya zamani hupotea bila taarifa. Na siku ya maonyesho usiielekeze Kinect dirishani: jua lina infraredi nyingi, na ramani ya umbali itajaa matundu hadi mtu afunge pazia.