Dola 781 zilizorudi, nusura nizilipie kodi mara mbili

Juzi nimetoka zamu ya usiku, nimewasha gari nasubiri barafu iachie kwenye kioo, nikakuta ujumbe wa sauti wa dada mmoja anayenisoma humu. "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu. Ile hela ya HSA iliyozidi walinirudishia. Sasa wameniletea fomu. Nailipia kodi au siilipii?"

Nikacheka peke yangu, wala si kwa ubaya. Swali hilohilo lilininyima usingizi mwezi wa kwanza wote.

Sisi wabeba boksi wa Marekani tunaipenda HSA, yaani akaunti ya akiba ya matibabu, na tuna haki. Hela inaingia kabla ya kodi, inakua bila kodi, ukiitumia kwa matibabu inatoka bila kodi. Masharti yake makubwa ni mawili: uwe na ile bima ambayo unajilipia mwenyewe mwanzoni hadi ufike kiwango kikubwa ndipo nayo ianze kulipa, na usivuke kikomo cha mwaka. Mwaka 2024 kikomo kilikuwa dola 4,150 kwa mtu mmoja na 8,300 kwa familia. Mwaka huu wa 2026 ni 4,400 na 8,750.

Mimi nilivuka, na nilivuka kwa kujiona mjanja. Mwaka 2024 nilikuwa ghalani, nakatwa dola 175 kila mshahara, mara 12. Mwajiri alikuwa ameniwekea 600 mwezi Januari. Jumla 2,700. Julai nikapata kazi hospitali hapa Columbus, kazi niliyoiomba miaka miwili, na bima haikukatika hata siku moja. Siku ya kujaza makaratasi nikaulizwa nataka kukatwa ngapi. Nikasema 200, kwa sauti, kama mtu aliyefika. Mara 11 hadi Desemba, 2,200.

Piga hesabu. 4,900. Nimezidisha dola 750.

Hakuna aliyenishtua, na hakuna aliyekuwa na uwezo huo. Kazi mpya haijui ulichokatwa kazi ya zamani. Na zile 600 za mwajiri, ambazo mimi niliziona kama zawadi, nazo zinahesabiwa kwenye kikomo kilekile. Nilikuja kugundua Machi 2025 najaza ritani, ile taarifa ya kodi ya mwaka, W-2 mbili mezani (karatasi za mshahara wa mwaka, moja kwa kila mwajiri), kila moja na herufi W kwenye kisanduku namba 12. Kujumlisha namba mbili tu! Ningeweza kufanya hivyo Julai.

Hela iliyozidi ukiiacha humo, IRS, mamlaka ya kodi, wanakutoza 6% kila mwaka inapoendelea kukaa. Kwangu ilikuwa dola 45. Wapo wanaoamua kuilipa hiyo 6% mara moja kwa fomu 5329, ile ya adhabu hizo, halafu mwaka unaofuata wanaweka pungufu ili ziada imezwe. Si dhambi. Mimi nilitaka kulala, nikaomba kurudishiwa kabla ya tarehe 15 Aprili. (Aliyekwisha kutuma ritani yake kwa wakati bado ana hadi tarehe 15 Oktoba, ila atalazimika kutuma ya marekebisho.) Kampuni inayotunza akaunti ina fomu yake maalumu ya kuondoa ziada. Ukichomoa tu kwa kadi kama unavyochomoa ya dawa, umefanya jambo jingine kabisa. Nilirudishiwa 781: zile 750 zangu, na 31 zilizozaliwa humo ndani.

Sasa sikiliza. Zile 750 zilikatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, kwa hiyo niliziongeza kwenye ritani ya 2024 kama mapato mengine. Kwa daraja langu la 12%, ni dola 90. Nikalipa, zikaisha. Zile 31 ni mapato ya mwaka nilipozipokea, yaani 2025. Kama wewe uliweka hela yako ya mfukoni iliyokwisha kukatwa kodi, ni rahisi zaidi: ile ziada usiidai punguzo tu, na ikirudi hailipiwi tena. Faida yake ndiyo inayolipiwa.

Januari mwaka huu ikaja bahasha, fomu 1099-SA, inayoonyesha hela iliyotoka kwenye HSA. Kisanduku cha kwanza: 781. Nikaenda kwa mtu wa kodi, ndugu yetu wa Afrika Mashariki, ana meza nyuma ya duka la kutuma mizigo. Sitamtaja. Alikuwa anakula huku anachapa. Akaingiza 781 yote kama hela niliyotoa bila sababu ya matibabu. Kodi ya kawaida, juu yake adhabu ya 20%. Karibu dola 250, na juu ya hizo 180 zake za kazi. Nikamwambia hiyo nilishailipia mwaka jana. Hakuinua hata macho. "Mdogo wangu, fomu inasema hela imetoka. Ikitoka inatozwa. Weka sahihi, watu wanasubiri."

Watu walikuwa wanasubiri kweli. Wawili wananijua kanisani. Aibu ile bado naisikia hadi leo.

Sikuweka sahihi. Nikarudi nyumbani na fomu yangu, nikaigeuza upande wa maelezo. Kisanduku namba 3 kilikuwa na namba 2, maana yake ni urejeshaji wa ziada. Kisanduku namba 2 kilikuwa na zile 31. Kwenye fomu 8889, ile ya HSA inayoambatana na ritani, mstari wa 14a unaandika 781, wa 14b unaandika 781 ileile, kinachobaki sifuri. Zile 31 zinaenda kwenye mapato mengine. Kodi yangu haikufika dola 4. Nilijaza mwenyewe saa nane usiku, chai imepoa, na nilijisikia kama nimemaliza chuo.

Ndugu zangu, tuache kuogopa makaratasi. Tunajenga Kibaha, tunasomesha wadogo zetu, halafu tunampa mtu W-2 zetu kama tunavyompa fundi baiskeli? Ukibadilisha kazi katikati ya mwaka, jumlisha. Mwajiri akikuwekea, jumlisha na hiyo. Fomu ikija, soma kisanduku namba 3 kabla ya kitu kingine chochote. Narudia, kisanduku namba 3. Usimwachie mtu anayekula.

Dada yule nilimwomba anitumie picha ya fomu yake. Imekuja jana, imepigwa juu ya kitambaa cha meza, kona moja imekunjwa. Dola 420. Kisanduku namba 3 kina 1, si 2. Kumbe alipiga simu, akaambiwa "toa tu", akatoa kama hela ya dawa, na ziada yake kwa hesabu za IRS bado imekaa palepale. Nimemwambia asitume ritani kwanza. Jumatatu asubuhi apige tena, aombe fomu ya kuondoa ziada kwa jina lake hilo, na anayepokea akisema "toa tu", aombe mwingine.