Sijui kuogelea, mazoezi ya majini yatanisaidia mishipa ya miguu?

Dada mmoja wa saluni ameniuliza hivi: anasimama kutwa nzima anasuka, ikifika jioni miguu mizito kama mawe, mishipa nyuma ya goti imevimba na kujikunja, daktari kamwambia afanye mazoezi ya majini ila yeye kuogelea hajui kabisa.

Pole sana dadangu, na toa wasiwasi, kuogelea si lazima, kazi yenyewe inafanywa na kina cha maji. Iko hivi, damu ya miguuni inapandishwa na msuli wa kigimbi, na ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, kuna vali ndogo za kuizuia isirudi chini, zako zimelegea. Ukisimama bila kutembea presha kwenye vena za kifundo inafika kama milimita 80 mpaka 90 za zebaki (kipimo cha presha), sasa maji ya kina cha mita 1.2 yanakibana kifundo kwa karibu 88, yaani yanakaribia kulingana kabisa, na kadiri unavyopanda juu ya mguu mbano unapungua taratibu. Zile soksi za kubana tunazowapa wagonjwa wengi ni 20 mpaka 30 tu! Ndo maana mtu akiingia majini anasikia miguu imepoa hapo hapo.

Kwa hiyo ingia maji ya kiunoni au juu kidogo, tembea mbele na nyuma dakika 20 hivi, halafu simama unyanyuke kwa vidole ushuke polepole mara 15, pumzika, rudia. Mara tatu kwa wiki inatosha kuanzia. Kama ni baharini chagua sehemu ya mchanga iliyotulia na usiende peke yako. Maji ya moto achana nayo, yanatanua vena. Ukitoka jikaushe uvae soksi zako, maana mbano wa maji unaishia hapo hapo ukitoka.

Sitakudanganya, vali zilizolegea hazirudi kama zamani, kinachopungua ni uvimbe na ule uzito.

Kama una kidonda kibichi mguuni usiingie. Mwenye shida ya moyo aongee na daktari wake kwanza, kwa sababu maji yakifika shingoni yanasukuma damu kama mililita 700 kwenda kifuani, moyo dhaifu unaelemewa. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, una joto na unauma, hiyo inaweza kuwa damu imeganda, nenda hospitali siku hiyo hiyo tafadhali.

Na pale saluni, kila ukimaliza kichwa cha mteja mmoja nyanyuka kwa vidole mara 20 kabla hujamwita mwingine.