Gemu nalo linaliza

Ndugu yangu, umesema gemu haliwezi kumgusa mtu kama tamthilia kwa sababu mchezaji yuko bize na kufyatua risasi. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Chukua The Last of Us, maana ipo kwa namna zote mbili: gemu la 2013 na tamthilia ya 2023 ya kituo cha runinga cha HBO. Ni hadithi ya dunia iliyoporomoka kwa ugonjwa.

Kwenye gemu unaanza ukiwa Sarah, binti yake Joel, mhusika mkuu. Unamtembeza usiku ndani ya nyumba, unafungua milango, unamtafuta baba. Punde unakuwa Joel mwenyewe, umembeba Sarah aliyeumia mguu, huna silaha, kazi yako ni kukimbia tu. Anapouawa, aliyekufa ni mtoto ambaye dakika chache nyuma alikuwa wewe. Tamthilia haina nguvu hiyo, kwa hiyo imetumia muda: tunashinda na Sarah siku nzima, anakwenda shule, anapeleka saa ya baba yake kwa fundi, anakaa kwa majirani. Waandishi walifanya uamuzi mzuri sana. Wangeiga gemu hatua kwa hatua, kifo chake kingepita kama vifo vingine vya kwenye runinga.

Halafu kuna tukio la twiga. Joel na Ellie, msichana anayesafiri naye baadaye, wanaegemea ukingo wakiwatazama twiga hao, na gemu halikusukumi. Usipogusa kitu, mnaendelea kutazama. Kwenye runinga mhariri ndiye anayeamua tuondoke lini. Ukilicheza, tafadhali usiharakishe hapo.