Masharti ya korona yalikuwa yanaondolewa lini

Jamani hakukuwa na tarehe iliyofichwa mahali, masharti ya korona yalikuwa yanaondolewa kwa kuangalia namba sio kalenda. WHO (Shirika la Afya Duniani) walishashauri tangu Mei 2020 kwamba kabla ya kufungua, wanaokutwa na virusi kati ya waliopimwa wasizidi asilimia 5 na ikae hivyo wiki mbili angalau, na hizo wiki mbili hawakuziokota tu, ni kwamba mtu akiambukizwa anaweza kumaliza hadi siku 14 ndo dalili zitoke, kwa hiyo namba ulizokuwa unasikia siku yoyote zilikuwa za maambukizi ya siku nyingi nyuma, na wa kulazwa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ndo walichelewa zaidi kuonekana. Ndo maana kesi zilikuwa zinashuka wiki moja afu bado mmefungiwa, ilikera najua, hata mimi nilichoka.

Ila huo ulikuwa ushauri tu, mwenye kuamua ilikuwa serikali husika, wapo waliofungua mapema na wapo waliosogeza mbele hata namba zikiwa nzuri. Hapo kulalamika ilikuwa haki yenu, wangetaja tu namba waliyokuwa wanaisubiri watu wangetulia.